Unga wa Aina Zote

Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi huko kambini uliko. Natumaini mguu ulioteguka umepona na kwamba msimamizi wenu amekupunguzia zamu za kubeba mawe, maana na wewe kwa ubishi hujambo, unaweza kuchechemea mwezi mzima na kumwambia kila mtu huumwi. Mimi mwili wangu ni mzima. Sina homa wala kikohozi, nalala pia, ingawa kulala kwenyewe ni kwa jina tu. Binti yako anaendelea vizuri. Ameanza kutembea bila kushika ukuta, na daktari anasema mikono itaacha kutetemeka, ila tumpe muda.

Barua yako nilikabidhiwa Ijumaa na gadi wa treni, na nimeisoma mara nne. Umeniuliza swali moja tu: mkeo alikula nini, na nani alimpa. Umesema pia kwamba unashuka na treni ya Alhamisi, na kwamba kabla ya kufika nyumbani, kabla hata ya kwenda kaburini, utapita duka la kona. Kwamba Kipara mwenye duka akiwa bado mikononi mwa polisi utamsubiri nje, hata wiki, na akitoka hatafika mlangoni kwake. Kaka, nakujua. Wengine wakisema hivyo ni hasira tu, kesho zimepoa. Wewe ukisema umekwisha kufanya nusu.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Gadi yule yule ameniahidi kukupa barua hii mkononi kabla ya Jumatano. Nakuomba, kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, usipande treni hujaimaliza. Na usirukie mwisho kama ulivyozoea kufanya na barua zangu kwa kuwa eti nina maneno mengi. Ninayo, kweli. Safari hii nivumilie, kwa sababu nikikueleza kwa kifupi hutaelewa ilikuwaje, na Kipara maisha yake yote yamo ndani ya hiyo ilikuwaje.

Unakumbuka siku niliyoajiriwa ofisi ya mizigo? Mama, Mungu amrehemu, alisikia nimepewa kazi ya madaraja, akawatangazia majirani wote kwamba mwanawe wa pili anajenga madaraja ya reli. Ilibidi tumkalishe chini tumweleze kuwa haya ni madaraja ya kwenye kitabu. Alivunjika moyo kabisa. Alisema sasa hilo si la kumwonyesha mtu.

Lakini mimi nililipenda kitabu kile, kaka, na sijui kama niliwahi kukwambia. Kila kitu duniani kimo, kimepangwa katika madaraja tisa, na kila daraja lina malipo yake na masharti yake. Chumvi ya mawe ni la kwanza kwa sababu ni nzito, haivunjiki na hakuna anayehangaika kuiiba. Magodoro ni la sita, kwa kuwa yanajaza behewa na mizani haishtuki. Kiti kizima ni la sita pia, lakini king'oe miguu ukifunge kamba, kinashuka hadi la tatu, na kiti ni kile kile. Mtu akija na mzigo wake, malipo yote yanategemea neno nitakaloandika mimi kwenye hati. Siku moja waliniletea jeneza tupu, makarani wenzangu wakabishana kama ni fanicha au ni sanduku. Nikaamua kwamba likiwa tupu ni fanicha, likiwa na mwenyewe ndani ni abiria. Ofisi nzima ilicheka, na tangu hapo wakaniita Hakimu. Jina nililipenda kuliko nilivyokubali mbele za watu.

Sasa shika haya mawili. Daraja la pili ni la vyakula. Behewa lake huchomekwa kadi ya kijani ubavuni. La tisa ndilo la mwisho, la vitu vya hatari: baruti, tindikali, sumu za kila namna. Hilo hupewa behewa la peke yake na kadi nyekundu, husubiri treni maalumu inayopita mara moja kwa mwezi, na likirudi tupu ni lazima lioshwe kwa maji ya mpira mara mbili kabla mtu hajaligusa kwa fagio.

Miezi mitatu iliyopita alikuja ofisini wakala wa kile kiwanda cha dawa kilicho nyuma ya yadi. Shingo yake hatujapata kuiona bila tai, basi sisi makarani tukamwita Bwana Tai. Wapagazi nao walimwita hivyo hivyo, ila wao walikuwa na maana ya yule ndege. Kiwanda chake kinatengeneza dawa ya kuua wadudu wa mashambani, na magunia yake yalikuwa yamelala godauni yakisubiri treni ya kadi nyekundu. Wateja wake wanalia, alisema. Hakunipa chochote, kaka, hilo nalo ulijue, wala hakunionyesha bahasha. Aliniambia tu kwamba amesikia stesheni yetu ina Hakimu, na kwamba makarani wa stesheni nyingine wanasoma kitabu lakini hawakielewi. Kichwa kikanivimba pale pale. Alimwaga kidogo ile dawa kwenye karatasi juu ya meza yangu. Ilikuwa nyeupe, laini, haina harufu. Akaniuliza kama kweli hakuna neno jingine.

Nikafungua kitabu. Ukurasa naujua kwa moyo. Pameandikwa hivi: unga, wa aina zote, daraja la pili. Nikaweka kidole pale nikaanza kucheka peke yangu. Huu nao si umesagwa? Si mkavu, si umo guniani? Kitabu hakikusema unga wa kula. Kilisema wa aina zote. Nilipompelekea stesheni masta alicheka hadi akafuta machozi, akaniambia mimi ni hatari, kisha akatia sahihi. Alasiri ile ile magunia yakapakiwa, nami nikaichomeka kadi ya kijani kwa mkono wangu.

Ukiniuliza kama nilijua ni sumu, nilijua. Sikujificha nyuma ya ujinga na sitajificha leo. Nilijiambia magunia yameshonwa, yanatoka hapa yanafika kule, neno kwenye karatasi litamdhuru nani.

Baada ya hapo yakaanza mambo madogo madogo. Mpagazi mmoja wa makamo alikuja dirishani kunionyesha viganja vilivyobabuka. Aliniuliza chakula gani hiki kinachomuunguza mtu mikono. Nikamwambia akanawe. Wiki iliyofuata, asubuhi, tulikuta shomoro saba chini ya mlango wa behewa lililorudi, wamelala chali, miguu juu. Mshika bendera akasema ni joto. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi, nimevaa sweta, lakini nikaitikia kwamba ndiyo, joto la siku hizi si mchezo. Paka wa godauni naye akatoweka, na hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nikiyaona yote hayo, kaka, nayaweka kando, narudi mezani kwangu.

Hapa inanibidi nikuambie jambo ambalo marehemu aliniomba nisikuambie kamwe. Shemeji alikuwa akifanya kazi kwenye yadi yetu. Alikuwa mmoja wa akina mama wa mafagio, wale wanaofagia mabehewa tupu. Najua ulikwisha sema mke wako hatashika fagio la watu. Lakini ulipoongeza mkataba wa pili alikuja akaniambia mtoto akienda shule nyumba inakuwa kimya mpaka anasikia masikio yake yanavuma, na kwamba ama nimtafutie kazi ama ataanza kuzungumza na sufuria. Nikamtafutia. Usimlaumu. Alikuwa na furaha pale, wallahi. Kicheko chake nilikuwa nakisikia mpaka ofisini. Alinitania mbele ya wote kwamba sipati mke kwa kuwa kila msichana namuuliza kwanza daraja lake, na wenzake walikuwa wakishika mbavu huku nikijitia hamnazo.

Wafagiaji wana haki yao ya siku zote. Behewa la kadi ya kijani, kilichobaki sakafuni ni cha aliyefagia. Punje, kunde, unga uliomwagika, wanakusanya kwenye vifuko na kwenda navyo nyumbani, na hakuna bosi aliyewahi kuwazuia. Wengi wao hawasomi hati. Wanatazama rangi ya kadi. Miaka yote niliyokaa na kitabu kile, nikihesabu masharti yake kwenye vidole, haki hiyo haikunijia akilini hata siku moja, kwa sababu haikuandikwa.

Jumanne ile behewa la Bwana Tai lilirudi likiwa bado na kadi ya kijani. Gunia moja lilikuwa limepasuka njiani. Shemeji ndiye aliyepangiwa kulifagia.

Jioni yake binti alikuwa ameng'oka jino, akataka kitu laini, basi mama yake akampikia uji. Mtoto alikula vijiko vichache akalalamika kuwa fizi zinauma. Mama akaumaliza, maana unajua hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Mimi sikula. Niliporudi kutoka kazini nilikuta bakuli langu limefunikwa, nikasema nimeshiba. Kabla sijavua viatu alianza kushika tumbo. Mengine umekwisha kuyasoma kwenye simu ya maandishi niliyokupelekea, na sitayarudia.

Hospitali daktari alisema ni sumu, akauliza wamekula nini. Nikasema uji. Mtu wa polisi akauliza unga ulinunuliwa wapi. Nikasema kwa Kipara, duka la kona. Na ni kweli, Jumatatu shemeji alinunua kwake, akautia kwenye debe la jikoni. Sikusema uongo. Nilisema nusu, nikafunga mdomo. Wakaenda kulipima lile debe, wakakuta sumu humo, kwa sababu shemeji alikuwa amechanganya wa dukani na ule wa behewani. Kufikia adhuhuri watu walikwisha vunja mlango wa Kipara na kumpiga, polisi wakamchukua akiwa na shati lililochanika. Yule Kipara, kaka, mliyekuwa mkitaniana naye tangu mnavaa kaptula, aliyekuuzia pete ya harusi yako kwa bei ya urafiki na hadi leo anakusimanga kwayo. Mke wake alikuja hapa chumbani akakaa kwenye kitanda changu, akaniomba niende nikamtetee mumewe kwa kuwa mimi naheshimika. Nilimwambia sheria itaona.

Usiku ule, kabla polisi hawajalifuata debe, niliporudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto nilikuta kifuko cha shemeji chini ya meza ya jikoni, kina vumbi jeupe kwenye mishono. Nilikuwa nashuku tangu hospitali; hapo nikajua. Nikakitumbukiza chooni, nikanawa, nikabeba nguo, nikarudi hospitali.

Alhamisi iliyopita stesheni masta aliniita, akafunga mlango. Hakupandisha sauti. Alisema kitabu kinatulinda, kwamba neno ni la kitabu na mimi sikukosea. Kisha akakifungua nione: chini ya mstari ule sasa imebandikwa karatasi nyembamba iliyopigwa chapa, unga wa kula tu. Gundi ilikuwa bado mbichi. Nilimuuliza hati za yale mabehewa ziko wapi. Akajibu zimechukuliwa kwa ukaguzi. Halafu akaniuliza kama mtoto wa kaka yangu bado anakaa nami, na anakwenda shule gani siku hizi. Anamjua mtoto tangu kuzaliwa, kaka, na shule anaijua, iko ng'ambo ya reli. Akina mama wa mafagio sasa hawagusi behewa la kijani. Nikipita wanashusha mafagio, wanasubiri nimalize kupita.

Nimezunguka vya kutosha. Mpaka hapa unaweza kusema mdogo wangu ni mjinga mwenye majivuno aliyecheza na neno, na baadaye akawa mwoga. Yote kweli. Lakini liko moja ambalo hakuna mtu anayelijua isipokuwa mimi na Bwana Tai.

Mchana ule wa Jumanne, Bwana Tai alikuja kunichukua twende tukale hoteli ya mkabala, kusherehekea mzigo wake wa tatu. Tulipokuwa tunavuka yadi, shemeji alikuwa amesimama kando ya behewa, kifuko mkononi. Hakuwa anacheka. Akaniita Hakimu, akakiinua kile kifuko akaniuliza huu ni daraja la ngapi, maana haujamkaa vizuri, akiusugua vidoleni haushikani kama unga anaoujua. Aliuliza kweli, kaka. Nakumbuka uso wake. Mimi nilikuwa na mgeni, nimenyoosha shati, nikasikia utani kwa kuwa nilitaka kusikia utani. Kutoka niliposimama hadi kwake ni hatua kumi na mbili, nimerudi kuzihesabu. Sikuzipiga. Namba ya behewa lile imeandikwa ubavuni kwa tarakimu kubwa kuliko kichwa cha mtu, na mimi ndiye niliyeiandika kwenye hati. Sikuinua macho. Nilimjibu kwa sauti ya kusikika yadi nzima kwamba ni daraja la pili, chakula halali, akapike, na uji ukimshinda aje kwangu akate rufaa. Wenzake wakacheka. Bwana Tai hakucheka. Alinishika kiwiko akasema chakula kinapoa.

Shemeji akaitikia kwa kichwa, akafunga kifuko kwa kamba. Aliniamini.

Basi swali lako nimelijibu. Alikula nilichomwambia ale. Kipara hana hatia hata chembe. Kesho Jumatatu, ofisi zikifunguliwa, nakwenda polisi. Stesheni masta amezichukua hati, lakini nakala ya tatu huwa inabaki kwa karani, na ninazo za mizigo yote mitatu, nimezishona ndani ya koti. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwao. Ukipanda treni ya Alhamisi na nia ile ile, sina la kukuzuia, ila uje nayo kwangu. Sitakimbia. Kama hawajaniweka ndani nitakuwa jukwaani, upande wa mizigo. Sikuombi msamaha kwa sababu naona haya hata kuliandika hilo neno.

Fundi cherehani wa chumba cha mbele amekubali kukaa na binti mpaka ufike, na nimemwambia asimpeleke shule wiki hii wala asimfungulie mtu yeyote wa stesheni. Wapo majirani wengi wanaokusalimu na kukupa pole, sitawataja mmoja mmoja. Ukipata nafasi pitia kwa mke wa Kipara.

Binti naye anakusalimu sana. Anasema umletee jiwe la huko unakovunja, lolote, mradi linang'aa. Jambo moja nimelificha hata kwa daktari. Tangu atoke hospitali hali kitu mpaka nionje mimi kwanza. Jana fundi alimpa ndizi aliyoimenya mbele yake, akakataa, akaishika mkononi hadi niliporudi. Anasema Baba Mdogo ndiye anayejua kipi chakula na kipi si chakula, ndiyo kazi yake. Basi naonja, namwambia ni salama, na yeye anakula palepale, hata haniangalii usoni. Kesho asubuhi nitamwonjea chai yake, kisha nitaondoka. Njoo upesi, kaka. Hataki kuonjewa na mtu mwingine, na sijui atakula nini kuanzia mchana.

Ni mimi mdogo wako,
karani wa mizigo.